Grafu ya maziwa iliyogoma Machi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani wa kituo cha kukusanya maziwa hapa Rungwe. Tangu Januari, kila jioni naingiza kwenye Excel tarehe na lita tulizopokea. Nina grafu, lakini imeishia Machi, siku niliyoitengeneza. Kila kikao cha bodi kikikaribia naanza kuivuta upya. Isitoshe, wajumbe wanataka siku 30 za mwisho tu. Nifanyeje?
Karani, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Grafu yako imegoma kwa sababu ulipoichora uliipa anwani za seli, na anwani hizo hazisogei unapoongeza mstari chini. Kama bodi ingetaka mwaka mzima, ningekuambia uweke kidole ndani ya orodha, ubonyeze Ctrl na T iwe jedwali, uchore grafu upya juu yake, basi. Lakini siku 30 za mwisho zinahitaji jina, yaani neno unaloipa Excel lisimame badala ya anwani za seli, na jina hilo lijihesabie lenyewe.

Nachukulia karatasi yako inaitwa Maziwa, tarehe ziko kolamu A, lita kolamu B, vichwa mstari wa kwanza. Kwenye seli E1 andika 30. Bonyeza Ctrl na F3, fungua jina jipya, liite Tarehe, na sehemu ya anwani uandike:

=OFFSET(Maziwa!$A$1,COUNT(Maziwa!$A:$A)-Maziwa!$E$1+1,0,Maziwa!$E$1,1)

Maana yake: hesabu tarehe zote, rudi nyuma siku 30, chukua kuanzia hapo. Jina la pili liite Lita:

=OFFSET(Tarehe,0,1)

Yaani kipande kilekile, kolamu moja kulia. Hivyo tarehe na lita haziwezi kupishana urefu hata siku moja.

Sasa bonyeza mstari wenyewe wa grafu. Juu, penye fomula, utaona neno SERIES na zile anwani za Machi. Zifute, mahali pake uweke Maziwa!Tarehe na Maziwa!Lita, kisha Enter. Usiliache jina peke yake bila Maziwa! mbele, Excel itakataa. Ikilibadilisha neno Maziwa kuwa jina la faili lako, iache, ndivyo inavyofanya. Mjumbe akitaka miezi mitatu, andika 90 kwenye E1, grafu itanyooka mbele ya macho yake, mradi daftari lina siku zisizopungua hizo.

Nimehesabu tarehe, sikuhesabu lita, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Masika ya Rungwe unayajua. Siku barabara imekatika na hakuna mfugaji aliyefika, andika 0, maana kweli hamkupokea kitu. Lakini siku maziwa yalipokelewa na kipimo hakikuandikwa, acha seli wazi. Ukiweka 0 hapo, mstari utadondoka hadi chini na bodi itaamini kwamba wafugaji hawakuleta maziwa, wakati mama wa watu alitembea na ndoo yake alfajiri. Seli tupu inaacha pengo tu kwenye mstari, na pengo hilo ni kweli. Kama tungehesabu kolamu ya lita, kila seli tupu ingeirudisha grafu nyuma siku moja, na ya jana isingeonekana.

Kolamu A iwe na tarehe tu. Jumla za mwezi zipeleke kwingine, la sivyo nazo zitahesabiwa kama siku. Na usije ukaita jina MEI25: Excel inayo kolamu iitwayo MEI, kwa hiyo italikataa ikidhani ni seli.

Ukiona grafu imeganda tena, tazama tarehe ulizoingiza karibuni. Ikiwa hujazisogeza kushoto au katikati wewe mwenyewe, tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa seli. Iliyokaa kushoto Excel imeisoma kama maneno, haikuihesabu, kwa hiyo iandike upya kwa mtindo uleule wa zile zilizokubali.