Jibu: Kikohozi kisichoisha na jasho la chumvi

Salaam dada. Mwanao anakohoa miezi, anatumia dawa ya pumu, haongezi kilo, ukimbusu unaonja chumvi, nawe wahofia sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu na tumbo kuwa mzito na jasho kuwa na chumvi nyingi. Kwa joto letu la Lamu chumvi hiyo peke yake haitoshi kuuthibitisha.

Anza na TB, tafadhali usiiruke. Mtoto mdogo humeza makohozi, kwa hivyo omba kinyesi kipimwe kwa GeneXpert, mashine inayotambua vijidudu vya TB. Mpwa wangu alipimwa hivyo. Apimwe na HIV.

Kisha tazama choo: kikiwa cha mafuta, kinang'ang'ania poti na kunuka mno, mwambie daktari, ingawa hata jiadia, vimelea vya utumbo, huleta hivyo. Pumu haileti choo hicho.

Vipimo hivyo vikiwa safi, dai rufaa ya kipimo cha jasho, kinachopima chumvi (kloridi): 60 mmol/L kwenda juu huashiria sistiki faibrosisi, na 30 hadi 59 bado huhitaji uchunguzi zaidi. Dawa ya pumu asiache.