Kiwanda kimoja, bidhaa tatu: maswali yenu kuhusu miwa

Kwa nini kiwanda cha sukari kihangaike na umeme na spiriti? Si kibaki na sukari tu? (Msomaji, Kidatu)

Ndugu yangu, bidhaa hizo zinakuja zenyewe. Tani moja ya miwa hutoa takriban kilo 100 za sukari, kilo 30 hadi 40 za molasi (shira nzito inayobaki sukari ikishatolewa, ambayo hulishwa ng'ombe na kutengenezewa spiriti) na kilo 300 hivi za makapi, yaani mabaki ya miwa iliyokamuliwa. Simama karibu na vinu uyaone makapi yakitoka na unyevu wake, yamechambuka kama nyuzi, yakienda moja kwa moja kwenye boila. Mvuke wake ndio unaoendesha mitambo na kuzalisha umeme. Kuyatupa ni kutupa kuni zako halafu ukanunue za jirani. Kiwanda cha sukari cha Kilombero, Tanzania, nacho kilifungua kiwanda cha spiriti ya molasi mwaka 2013, na kilifanya vyema.

Nafuga ng'ombe wa maziwa. Mbona molasi huadimika ilhali sisi wafugaji hatujaongezeka? (Msomaji, Morogoro)

Pole sana, na swali lako ndilo zito kuliko yote. Molasi haina shamba lake, inafuata sukari. Mvua ikizidi, malori yanakwama shambani, miwa haisagwi, na molasi haipo hata ukitoa bei mara mbili. Hakuna meneja atakayesaga miwa kwa ajili ya molasi peke yake, maana fedha iko kwenye sukari. Na hicho kidogo kinachopatikana, mtengeneza spiriti naye anakitaka. Hivyo tatizo la sukari linaingia hadi zizini kwako. Anayepima hasara kwa kuangalia maghala ya sukari tu hajakuhesabu wewe.

Tija ya kiwanda kama hicho inapimwaje? (Msomaji, Kakira)

Isipimwe kwa mapato peke yake. Bei ya sukari ikipanda, mapato hupanda bila kinu kuongeza hata kilo moja. Pima kila bidhaa kwa tani ya miwa.

Bidhaa nyingi si kinga kiwanda kisife? (Msomaji, Bungoma)

Si kinga ikiwa zote zinategemea miwa ileile. Kampuni ya sukari ya Mumias, Kenya, ilikuwa na sukari, umeme na ethanoli (ndiyo spiriti), lakini mwaka 2019 iliwekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na mkopeshaji ili deni lake lilipwe. Madeni yalikuwa makubwa, kweli, ila miwa isipofika getini, bidhaa zote tatu husimama siku moja. Ndiyo maana nasisitiza: anayefufua kiwanda cha namna hii, kabla ya kununua mtambo mpya, amlipe mkulima miwa yake kwa wakati.