Jibu: Kuagiza tapas Seville bila nyama ya nguruwe

Salaam ndugu. Umesema kwamba mlifika saa moja jioni mkakuta jiko limefungwa, na unauliza mtaagizaje tapas, yaani sahani ndogondogo za vyakula vya Kihispania, bila kuletewa nguruwe.

Angalia saa kwanza, kwa kuwa majiko mengi ya migahawa ya Seville, Hispania, hupumzika alasiri na kuanza tena yapata saa mbili na nusu usiku. Mkifika wakati huo mtapata nafasi kwenye kaunta kabla ya msongamano.

Kuhusu nguruwe, usiseme tu kwamba huli nyama. Mimi nilisema hivyo nikaletewa salmorejo, ile supu nzito ya baridi ya nyanya, ikiwa imenyunyiziwa vipande vya jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, kwa hiyo sasa hutamka waziwazi "sin cerdo, sin jamón", yaani bila nguruwe, bila jamón. Croquetas, yaani vitonge vya kukaanga, ziulizie kila mara, maana nyingi huwa na jamón ndani. Agizeni espinacas con garbanzos, ambayo ni spinachi na dengu zilizoungwa kwa bizari nyembamba, chakula kitamu mno, pamoja na tortilla ya mayai na viazi. Anzeni na sahani mbili au tatu, kisha muongeze, kwani ración, yaani sahani kamili, ni kubwa kuliko tapa.