Je, nibadili jina la mfumo kwenye world.json?

SWALI: Habari, mwalimu. Naongoza Dungeons & Dragons (mchezo wa kuigiza wahusika) kwa wenzangu watano hapa Nairobi, na kampeni yetu ya miaka miwili iko yote ndani ya Foundry, programu ya kuendeshea michezo hii kwenye kompyuta. Sasa wanataka tuhamie Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha wa wapelelezi, ila tubaki kwenye mji uleule tuliokwisha kuuchora. Jamaa mmoja ameniambia nifungue world.json, faili linalotaja mfumo wa mchezo, nifute dnd5e (mfumo wa sasa) niandike CoC7 (wa Call of Cthulhu), kisha nibadili majina tu: upanga uwe bastola, alama za uhai ziwe utimamu wa akili. Ni salama?

JIBU: Usifanye. Na kama umeshafanya, rudisha nakala ya akiba. Huna nakala? Funga programu sasa hivi, nakili folda nzima ya ulimwengu huo mahali pengine, ndipo uguse kitu.

Ujanja huu wa mstari mmoja naulizwa mara kwa mara, na najua kwa nini hauishi. Ulimwengu hufunguka. Ramani zipo, maandishi yapo, muziki unalia, basi mtu anashangilia. Vitu hivyo vimepona kwa sababu ni vya Foundry yenyewe. Data ya mhusika hupangwa na mfumo wa mchezo, na hapo ndipo mambo huharibika: unamfungua shujaa wako, unakuta jina na picha yake juu ya karatasi ya mpelelezi yenye visanduku visivyo na maana.

Unda ulimwengu mpya chini ya CoC7. Ramani na maandishi yapitishe kwenye kompendiamu (ghala la data) ya moduli yako mwenyewe, yaani kifurushi cha nyongeza, uyaingize upande wa pili. Wahusika waandike upya kwa mkono. Watu watano ni kazi ya jioni moja.

Sasa hilo la “kubadili majina tu”, ndugu yangu, ndilo linaloninyima usingizi. Alama za uhai za D&D ni kama ndoo: inapungua, unalala, inajaa, na ukipanda daraja unapewa ndoo kubwa zaidi. Utimamu wa akili katika Call of Cthulhu una dari linaloshuka. Kiwango chake cha juu ni 99 ukitoa ujuzi wa mhusika uitwao Cthulhu Mythos, yaani maarifa yake ya siri za kutisha. Mwenye ujuzi wa 12 havuki 87, hata apumzike mwezi mzima. Akisoma kitabu kibaya kikamwongezea 5, dari limeshuka hadi 82, na hakuna usingizi wa kulirudisha. Tena akipoteza moja ya tano ya utimamu wake ndani ya siku moja, anaingia wazimu wa muda mrefu. Maana yake lazima ujue siku ya mchezo imeanza saa ngapi. Ndoo ya D&D, hata uipake rangi gani, haijui saa.

Maandishi yako nayo yatahama salama lakini yatakusumbua. Ulipoandika ukurasa wa kisima cha zamani uliweka mlinzi, mtego na sanduku la dhahabu. Kwa wapelelezi ukurasa huohuo unataka mambo mengine: barua ya bawabu iliyofichwa pale, nani ameshaisoma, inamtaja nani, na wasipoiona habari hiyo wataipata wapi kwingine. Mimi kila kidokezo nakipa ukurasa wake, na mstari wa kwanza ni “wanaojua”. Mahali ninapaweka kama kiungo tu.

Ndiyo maana nawachukia wauza violezo vya “tanzu zote”, kurasa tupu za kujaza zinazodaiwa kufaa mchezo wa kila aina. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na hizi watu wanauziwa. Nilinunua kimoja, nikitaka kuongoza Traveller, mchezo wa safari za anga za mbali. Kilikuwa na kisanduku kilichoandikwa “Uchawi au Teknolojia”, nembo za vyombo vya anga kila pembe, na hakuna mahali pa kuandika tarehe. Traveller! Mchezo ambao mruko mmoja wa meli huchukua takriban wiki nzima, uende parseki (kipimo cha umbali wa anga) moja au mbili, na habari haifiki popote kabla ya meli iliyoibeba. Mchezo ambao meli hununuliwa kwa mkopo, unalipa 1/240 ya bei yake kila mwezi kwa miezi 480. Meli ya krediti 36,000,000 inakudai 150,000 mwisho wa mwezi, uwe na shehena usiwe nayo. Mashaka yote ya wachezaji yako kwenye kalenda, na kiolezo hakina kalenda.

Siku hizi muuzaji akinijia namwomba kitu kimoja tu: anionyeshe siku ya kulipa deni inaonekana wapi. Hunitumia picha nyingine ya joka.