Barua kwa mwanangu kuhusu ubatizo wa mtoto wenu na barua ya jumuiya

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku Mbinga tu wazima, mvua zimekatika, kahawa imeanza kuwa nyekundu, na mama yako bado anamwonyesha picha ya mjukuu wake kila anayepita njiani. Ujumbe wako niliusoma usiku, nikausoma tena asubuhi, nikaona kwamba jambo ulilouliza si la kujibiwa kwa simu huku mtandao ukikatika katika kila sentensi ya pili.

Umenieleza kwamba ulikwenda ofisi ya parokia huko Dar es Salaam kumwandikisha mtoto kwa ajili ya ubatizo, ukaambiwa urudi na barua ya mwenyekiti wa jumuiya, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, pamoja na kadi ya zaka inayoonyesha michango yenu kwa Kanisa, na kwamba katibu alipotambua kuwa hamjasali katika jumuiya yoyote tangu mhamie mtaa huo, alikujibu mbele ya watu kwa maneno yaliyokuumiza. Kisha ukaniuliza: "Baba, mimi na mke wangu tunakwenda Misa kila Jumapili na tunasali nyumbani. Jumuiya inaingiaje kati ya mtoto wangu na Mungu?"

Nakujibu kama baba yako, na pia kama mtu aliyekuwa katekista, yaani mwalimu wa dini, wa kigango, kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia, kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Naamini wanaokudai barua wanadai jambo lenye maana kubwa, hata kama namna walivyolidai haikuwa ya Kikristo. Mambo hayo mawili nayasema yote kwa uzito uleule, na nakuomba usilitumie la pili kulifuta la kwanza.

Kwa kuwa sheria ndiyo iliyokukwaza, tuitazame sheria yenyewe. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 868, unataka mambo mawili ili mtoto mchanga abatizwe kihalali: wazazi, au angalau mmoja wao, wakubali, na pawepo tumaini lenye msingi kwamba mtoto huyo atalelewa katika imani Katoliki. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo huahirishwa na wazazi huelezwa sababu. Humo hutakuta barua ya jumuiya wala kadi ya zaka. Lakini jiulize, mwanangu, paroko wako atalijuaje tumaini hilo? Anaadhimisha Misa tatu au nne mfululizo kila Jumapili, mbele ya mamia ya watu wanaoingia kwa mlango mmoja na kutoka kwa mwingine. Ninyi mnajua kwamba mnasali nyumbani, na Mungu anajua, ila yeye anaona sura mbili ngeni zilizokuja ofisini na mtoto mgongoni. Ndiyo maana huwauliza majirani zenu. Barua ile, inapoandikwa kama inavyopaswa, ni ushahidi wa watu wanaosema: familia hii tunaifahamu, tunasali nayo, na mtoto huyu hatakulia katika imani peke yake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, nami naomba ufungue Injili ya Marko, sura ya pili. Watu wanne wanamleta Yesu mtu aliyepooza, wanazuiwa na umati mlangoni, wanapanda juu, wanatoboa dari na kumteremsha pamoja na kitanda chake. Kisha Marko anaandika kwamba Yesu alipoiona imani yao, alimwambia yule mgonjwa kuwa dhambi zake zimesamehewa. Imani inayotajwa hapo ni ya wale waliombeba. Miaka yote niliyofundisha wazazi waliojiandaa kubatiza watoto, nilianza na sehemu hiyo, kwa sababu mtoto mchanga hawezi kutembea kwenda kwa Yesu, hawezi kusema "nasadiki", wala hajui anaombewa nini. Anabatizwa katika imani ya Kanisa, nalo Kanisa kwake lazima liwe na mikono ya watu halisi. Wewe na mke wako ni wawili, na wasimamizi wenu wa ubatizo labda wanaishi ng'ambo ya jiji. Siku utakapokuwa kwenye zamu ya usiku bandarini na mtoto akapandwa na homa, nani atagonga mlango wa mama yake? Atakapofikia umri wa kwenda mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, nani atamkumbusha akikutana naye dukani? Jumuiya inaingia hapo hapo ulipouliza, kati ya mtoto wako na Mungu, kama wale wanne walivyoingia kati ya mgonjwa na Yesu: wakimbeba.

Najua kwenu jumuiya inaonekana kama kituo cha michango, kwa hiyo nikukumbushe ilitoka wapi. Wamisionari Wabenediktini walianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, na kutoka huko imani ilipanda milima yetu ya Umatengo kwa miguu ya makatekista kuliko ya mapadre. Hata wakati wangu, kigango chetu kilimwona padre mara moja kwa mwezi barabara ikiruhusu, na wakati wa masika tulikaa hata zaidi ya hapo. Jumapili nyingine niliongoza ibada ya Neno. Katekista mmoja, hata akiwa na bidii namna gani, hawezi kujua nani amelala na njaa upande wa pili wa bonde, nani amegombana na mkewe, wala mgonjwa yupi anahitaji kuletewa Ekaristi padre akija. Majirani ndio wanaojua. Maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 katika shirikisho lao la AMECEA, walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe kuanzia ngazi hiyo ya majirani, na mwaka 1979 huko Zomba, Malawi, wakalirudia jambo hilo. Papa Yohane Paulo II naye, katika waraka aliotoa mwaka 1995 baada ya Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, alilieleza Kanisa kuwa ni Familia ya Mungu. Familia haiwezi kuwa watu elfu mbili wanaotazamana visogo kwa saa moja na nusu. Inahitaji mahali ambapo mtu akikosekana anaulizwa.

Wewe ulikuwa mdogo, pengine huukumbuki mwaka ule jirani yetu wa ng'ambo ya mto alipovunjika mguu kahawa ikiwa imeiva. Alikuwa mjane, mtu mkimya, na jumuiyani alikuja kwa nadra. Jumamosi ile tulisali nyumbani kwa mama mmoja mzee, tukiwa tumekaa kwenye mkeka na viti vya kuazima, tukiisoma Injili ya Jumapili iliyofuata kwa zile hatua saba tulizofundishwa: kumkaribisha Bwana, kusoma, kila mmoja kulirudia neno lililomgusa, kukaa kimya, kushirikishana, kisha kujiuliza Neno hili linatutaka tufanye nini wiki hii, na mwishowe kuomba. Tulipofika hatua ya sita, ambayo mara nyingi watu huipita haraka kwa kusema "tupendane", yule mama mzee alisema, "Kahawa yake inaanguka chini." Hakusema lingine. Jumatatu asubuhi tulikuwa shambani kwake na vikapu, tukachuma siku nzima, jioni tukaimenya kwa mashine ya mkono kwa zamu, maana kahawa mbivu ikilala bila kumenywa inaharibika, na baada ya kuiosha tukaianika kwenye vichanja vyake. Mtu huyo hakukosa jumuiya tena, na hakuna aliyemwambia aje. Mimi niliyekuwa nimewahubiria watu hao upendo kwa miaka mingi nilijifunza siku ile kwamba Neno lililosomwa na watu wanaojuana hufika mahali ambapo mahubiri hayafiki.

Sasa nije kwenye uchungu wako, ambao sitaki kuupuuza. Pale ambapo barua ya jumuiya imegeuka kuwa stakabadhi ya michango, kosa limefanyika, na ni kosa zito. Kanuni ya 848 inakataza kudai kitu chochote kwa ajili ya sakramenti zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka husika, na inasisitiza kwamba maskini asinyimwe sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Nimewahi kukaa katika vikao ambamo mtu alipendekeza kwamba asiyelipa mchango wa ujenzi asizikwe na Kanisa, nikasimama kupinga, kwa sababu kanuni ya 1184 inayotaja wanaonyimwa maziko ya Kanisa haimtaji mtu aliyeshindwa mchango wala aliyekosa kuhudhuria jumuiya. Kumtisha mfiwa kwa jeneza la baba yake ni kuiumiza Injili. Zaka ni wajibu, nami nimekufundisha hivyo tangu utoto, kwani waamini ndio wanaolitegemeza Kanisa lao. Lakini wajibu huo una mahali pake pa kuzungumzwa, na mahali hapo si mbele ya foleni huku mzazi amebeba mtoto.

Kwa hiyo usirudi ofisini kugombana na katibu. Omba kumwona paroko mwenyewe, umweleze kwa heshima ulivyojibiwa, kisha umweleze hali yenu: zamu zako, mke wako aliyejifungua juzi, mtaa mliohamia bila kumfahamu mtu. Naamini atakusikiliza. Na kama mtoto akiugua ghafla, Mungu apishe mbali, fahamu kwamba katika hatari ya kifo hakuna barua inayodaiwa wala padre hasubiriwi: mmwagie maji kichwani ukisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," ukiwa na nia ya kufanya lile Kanisa linalolifanya, naye atakuwa amebatizwa. Baadaye mtaitaarifu parokia.

Jumuiya ya mtaa wenu nayo haitakuwa ya watakatifu watupu. Utamkuta anayesali kwa sauti ndefu ili asikike, utamkuta anayehesabu nani ametoa na nani hajatoa, na utakuta ugomvi wa uongozi ambao chanzo chake hakuna anayekikumbuka. Nimeyaona yote hayo huku kwetu. Hata hivyo, katika Misa unaweza kuchagua benchi la kukaa na parokia ya kwenda, bali jumuiyani unasali na yule aliyekupandishia muziki usiku kucha, na hapo ndipo utakapojua kama lile "utusamehe kama sisi tunavyowasamehe" unalolitamka Jumapili ni sala au ni mazoea. Wala kundi la jumuiya kwenye simu halitoshi. Huko watu hutuma pole za msiba na picha za maua. Mgonjwa hawezi kugeuzwa kitandani kwa ujumbe.

Mna bahati kwamba huu ni mwezi wa Mei, na jumuiya nyingi husali Rozari jioni, nyumba hadi nyumba, jambo ambalo linakufaa zaidi kuliko sala ya jumuiya ya Jumamosi alfajiri unapotoka zamu. Muulize jirani yeyote mwenye rozari mlangoni au kalenda ya Kanisa ukutani, atakuonyesha njia. Siku ya kwanza usitaje barua kabisa. Nendeni na mtoto, semeni majina yenu, salini, na kama kuna nafasi ombeni Rozari ije kwenu wiki ijayo. Msiogope udogo wa chumba. Watu watakaa hata nje. Ukiwa kazini, mke wako aende na mtoto, na wewe ukiwa huru usimwachie yeye peke yake, kwa maana wanaume wa mjini wamezoea kuifanya jumuiya kuwa kazi ya wanawake, na watoto wanaona.

Kuhusu wasimamizi, chagueni mtu aliyepata Kipaimara, anayeishi imani yake, na ikiwezekana anayekaa mahali ambapo mtoto anaweza kumfikia kwa miguu. Rafiki yako wa chuoni ni mtu mwema, lakini umesema mwenyewe kwamba hamjaonana tangu harusi yenu.

Nimemwomba mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa aandike barua ya utambulisho, naye ameikubali kwa furaha kwa sababu alikufundisha katika Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto cha Kanisa. Haitachukua nafasi ya jumuiya ya huko. Itawasaidia tu wajue mmetoka kwa nani. Mama yako ataibeba pamoja na cheti chako cha ubatizo, unga na maharage, naye anataka kupanda basi Songea mapema ili awe nanyi angalau wiki mbili kabla ya ubatizo. Paroko akishapanga tarehe, nijulishe siku hiyo hiyo, kwa kuwa mimi nitafuata baada ya kumaliza mchumo wa kwanza wa kahawa. Msalimie mkwe wangu, na umwambie kwamba namwombea yeye na mtoto kila siku.

Baba yako