Kwa makarani wapya wa forodha Malaba, Busia na Mutukula, mipakani mwa Uganda

Ukianza kazi ya uwakala wa forodha, kitu cha kwanza utakachofundishwa ni kasi. Mteja anataka lori livuke, dereva anataka kufika Kampala kabla ya usiku, bosi anahesabu siku za kontena. Sawa, kasi ndiyo inayotulisha. Tangu Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ianze mwaka 2014, ushuru wa mzigo wa Uganda hulipwa mzigo ungali bandarini, na kwenye vituo vya pamoja vya mpakani ukaguzi hufanyika upande mmoja tu. Lakini urahisi huohuo umemfikia na mhalifu. Siku hizi hana haja na njia za panya. Anapita barabara kuu, mchana, akiwa na hati zenye mihuri.

Kumbukeni Januari 2019. Makontena ya magogo yaliingia Uganda kutoka Sudan Kusini, na kwenye karatasi ule ulikuwa mzigo wa mbao. Mamlaka ya Mapato ilipoyapitisha kwenye skana, magogo yakaonekana yamechongwa ndani, yamejazwa nta, kisha yakafungwa tena. Ndani mlikuwa na vipande 750 vya pembe za ndovu na zaidi ya kilo 400 za magamba ya kakakuona.

Karani hana skana, ana ankara. Isome kama mfanyabiashara: bidhaa ya thamani hii, ikisafirishwa umbali huu, inamletea mwenyewe faida gani? Uzito unalingana na ujazo? Anayelipa ndiye aliyeandikwa kwenye hati, au ni mtu wa tatu usiyemjua? Kwa nini jina la mpokeaji limebadilishwa mzigo ukiwa njiani? Jibu likikosekana, mpelekee msimamizi wako. Usimdokezee mteja kwamba ametiliwa shaka, sheria inakataza.

Ugaidi nao unatuhusu, msidhani ni kazi ya polisi peke yao. Tarehe 11 Julai 2010 watu zaidi ya 70 waliuawa Kyadondo na Kabalagala, jijini Kampala, wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Waliofikishwa mahakamani walitoka Uganda, Kenya na Tanzania, na Al-Shabaab, waliosema ndio waliofanya, makao yao ni Somalia. Nchi nne, shambulio moja. Inaniuma basi ninapomsikia karani akinong'ona, "Huyu Msomali, mwangalie vizuri." Wasomali wengi tunaowahudumia ni wafanyabiashara waaminifu, na wengine walikimbia makwao kwa sababu ya haohao Al-Shabaab. Ukikodolea macho kabila, mwenye mzigo mchafu anakupita akitabasamu, maana anafanana na wewe. Kagua mzigo na njia ya pesa.

Pesa taslimu ndipo wageni wengi wa kazi hii wanapolegea. Anayevuka mpaka na shilingi za Uganda milioni 30 au zaidi, au fedha za kigeni za thamani hiyo, lazima atoe tamko. Mteja akikuomba "umshikie" bahasha hadi ng'ambo, kataa, hata kama ni shemeji yako. Uganda iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji fedha, Februari 2020, ikatoka Februari 2024. Nchi ikiwa humo, mwagizaji mdogo wa vipuri naye huulizwa maswali mengi na benki za nje kwa pesa halali kabisa.

La mwisho ni nywila yako ya mfumo wa forodha. Usimpe mtu, hata mwenzako wa meza ya pili aliyekufundisha kazi. Kila tamko linalopita hapo lina jina lako. Kabla hujafunga kompyuta jioni, pitia matamko yote ya siku hiyo. Ukikuta usilolitambua, mwandikie msimamizi jioni hiyohiyo, na ubaki na nakala.