Chapa ya Kollwitz: usikimbilie mnadani

Ndugu, umeuliza chapa (picha iliyochapwa karatasini) ya Käthe Kollwitz, msanii wa Kijerumani, uliyorithi itaingiza kiasi gani mnadani. Jina lisikupumbaze. Alifariki 1945, lakini mabamba yake ya kuchapia yaliendelea kutumika, na nakala hizo za baadaye huuzwa bei ya chini sana. Itoe kwenye fremu (taratibu, karatasi kuukuu hupasuka!) utazame kama chini ya picha kuna sahihi ya penseli, ile iliyochapwa pamoja na picha haiongezi kitu. Kisha linganisha na katalogi ya Knesebeck ya 2002, orodha ya chapa zake. Sanamu zake za shaba zina mtego uleule, nyingine zilimiminwa baada ya kifo. Bei tazama zilizolipwa kweli, si makadirio, kisha upunguze humo kamisheni ya mnada.